Njia ya Sake–Kitshanga: juu ya nini taa ya vidanji inazimwa bila vidanji kufanywa

Kwenye tablo ya magari mengi yanayopanda kutoka Sake kuelekea Kitshanga kuna taa ndogo ya rangi ya machungwa. Inawaka kumkumbusha shofere kwamba muda wa kubadilisha mafuta ya moteri umefika. Kuizima kunachukua chini ya dakika moja. Hakuhitaji funguo za fundi, hakuhitaji hata tone la mafuta. Kitufe kimoja kinashikwa, sifuri zinatokea, taa inapotea.

Kwa hiyo kuna magari ambayo taa yao imezimwa mara mbili, mara tatu, na mafuta ndani ya moteri ni yale yale. Abiria anaketi, anaona tablo safi, anajua gari ni nzima. Anayenunua gari ya okazyo Goma anaona hivyo hivyo. Jambo linaonekana dogo, lakini kwenye njia ambapo kuharibikiwa porini ni hatari ya maisha, linagusa kila mtu anayesafiri: mama wa maharagwe anayeshuka sokoni, mgonjwa anayepelekwa Goma, mwanafunzi anayerudi nyumbani Mweso.

Ile taa inahesabu nini

Watu wengi wanafikiri taa hiyo inaangalia mafuta. Haiyaangalii. Kwenye magari mengi ya Toyota, mahali panapoandikwa kwa Kiingereza MAINT REQD, kilichomo ni hesabu tu. Tangu siku ilipowekwa sifuri, gari inahesabu kilometa. Ikifika karibu 8,000, taa inawaka. Haijui kama mafuta yamekuwa meusi, haijui kama yamepungua, haijui kama yaliwekwa ya bei rahisi. Ukiiweka sifuri leo bila kugusa mafuta, inaanza kuhesabu upya kama vile kazi ilifanywa.

Magari ya karibuni ya makampuni mengine yanafanya hesabu ndefu zaidi: yanatazama joto la moteri, mizunguko yake, safari fupi na ndefu, kisha yanakadiria umri wa mafuta. Hata hayo mengi yanakisia tu. Yanaamini kwamba aliyeweka sifuri aliweka pia mafuta mapya.

Taa hii isichanganywe na nyingine mbili. Ya kwanza ni ile ya machungwa yenye picha ya moteri. Hiyo inawaka kwa sababu kompyuta ya gari imeona kasoro, na kuifuta bila kutengeneza kunairudisha kwa kawaida baada ya muda. Ya pili ni ile nyekundu yenye picha ya kopo la mafuta. Hiyo inasema presha ya mafuta imeanguka, yaani vyuma vinasagana bila kulainishwa. Hiyo haina kitufe cha kuifuta. Ikiwaka njiani, moteri inazimwa palepale. Kusema "tufike kwanza kijiji cha mbele" kunaweza kumaliza moteri nzima kwa dakika chache.

Kilometa za Masisi si kilometa za lami

Kuna tatizo lingine, nalo linamgusa hata shofere mwaminifu anayefuata taa bila kudanganya. Hesabu ya kilometa ilipangwa kwa nchi zenye barabara nzuri. Gari inayokwenda kilometa 50 kwa saa inamaliza kilometa 5,000 kwa masaa 100 ya moteri. Gari inayokwenda kilometa 16 kwa saa, katika tope, kwa gia ya kwanza na ya pili, inahitaji masaa zaidi ya 300 kumaliza kilometa zile zile. Tablo inaonyesha namba moja, lakini moteri ya pili imefanya kazi mara tatu.

Kitshanga iko kilometa 80 hivi kutoka Goma. Mvua ikinyesha, safari hiyo inaweza kula masaa matano na zaidi: kupanda Mushaki, kupita Kilolirwe, kungojea kamio iliyokwama itolewe, kusimama kwenye barieri. Muda wote huo moteri inazunguka, mafuta yanachemka, na kilometa haziongezeki.

Wenye jenereta na trakta wanaelewa jambo hili zamani. Wao hawana kilometa, wanahesabu masaa. Kwa moteri nyingi za dizeli za aina hiyo, masaa 250 ndiyo kipimo cha kawaida cha kubadilisha mafuta. Kipimo hicho kikiletwa kwenye gari inayokwenda kilometa 16 kwa saa, masaa 250 yanakuwa kilometa 4,000. Yaani taa itakapowaka kwa kilometa 8,000, vidanji moja nzima tayari imerukwa.

Hata vitabu vya matengenezo vya watengenezaji wenyewe vinakubali hili. Vina ukurasa wa hali ngumu: barabara za vumbi, mizigo mizito, mwendo wa polepole kwa muda mrefu, kusimama sana moteri ikiwaka. Kwa hali hizo vinaagiza kupunguza muda, mara nyingi mpaka nusu. Njia ya Sake–Kitshanga ina karibu zote kwa pamoja. Mwezi wa saba ni vumbi, mwezi wa kumi na moja ni tope, na mwaka mzima ni mzigo. Vumbi linapenya kwenye filta ya hewa iliyochoka, linaingia ndani ya moteri, na mafuta yenye vumbi yanakwangua vyuma badala ya kuvilinda.

Taa ya hatari zaidi: T-BELT

Mafuta yaliyochoka yanaua moteri polepole. Kuna taa nyingine ambayo kuizima kwa uongo kunaua kwa mara moja. Ni ile iliyoandikwa T-BELT, kwenye Land Cruiser zenye moteri ya 1HZ, Prado na Hilux nyingi za dizeli. Inawaka kwa kawaida kila kilometa 100,000, ikisema kwamba mkanda wa ndani wa moteri, ule mafundi wanaita courroie, umefika mwisho wa kazi yake.

Mkanda huo ni wa mpira wenye meno. Unaunganisha sehemu ya chini ya moteri na ya juu, ili vali zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Hautoi sauti kabla ya kukatika. Hautoi moshi. Siku unapokatika, moteri inakufa papo hapo, na katika dizeli nyingi vali zinagongana na pistoni. Tengenezo ambalo lingekuwa kazi ya siku moja linageuka kufungua moteri nzima.

Lakini kwa abiria, moteri kuharibika siyo jambo baya kuliko yote. Moteri ikizimika gari ikiwa inatembea, usukani wenye msaada unakuwa mzito mara moja. Breki nazo zinabaki na nguvu ya kukanyagwa mara chache tu, kisha kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Kwenye tambarare, shofere mwenye nguvu ataisimamisha gari. Kwenye mteremko wa Mushaki, akishuka kuelekea Sake na watu kumi na mbili na magunia juu, hali ni nyingine kabisa.

Taa ya T-BELT nayo inafutwa kwa urahisi. Kwenye magari ya zamani, fundi anafungua tablo na kuhamisha skrubu moja ndogo kutoka tundu moja kwenda lingine. Wengine wanafanya kazi fupi zaidi: wanatoa balbu.

Si kila moteri ina mkanda wa namna hii. Nyingine zina mnyororo, na za makamio mengi zina gia. Ndiyo maana swali la kwanza kwa fundi ni kujua moteri ni ya aina gani, kabla ya kuamini kwamba kukosekana kwa taa kunamaanisha usalama.

Nani anafaidika taa ikizimwa

Ni rahisi kumlaumu shofere. Lakini mara nyingi gari si yake. Kila siku au kila wiki anapaswa kumletea mwenye gari hesabu yake. Siku ya vidanji ni siku ambayo gari imelala, hesabu haikutimia, na feza ya mafuta na filta imetoka. Mwenye gari akiwa Goma au mbali zaidi, haoni mafuta, anaona hesabu tu. Shofere anayesema kila mara "gari iko inaomba" anaweza kuonekana mtu wa shida, na gari ikapewa mwingine. Taa ikizimwa, wote wawili wanalala vizuri kwa miezi michache.

Fundi naye yuko katikati. Anaombwa kazi ya dakika moja, analipwa kitu kidogo, na akikataa, garaji ya jirani itakubali. Gharama ya uongo huu inamfikia mtu wa nne ambaye hayupo pale: abiria wa kesho, au mnunuzi wa mwaka ujao.

Na magari yenyewe yanafika yakiwa tayari na umri. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ya Oktoba 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo ya okazyo milioni 14 yalipelekwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na karibu asilimia 40 yake yaliingia Afrika. Baadhi ya nchi za Afrika Mashariki zimeweka mipaka: Kenya hairuhusu gari yenye zaidi ya miaka 8, na Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa yenye miaka 15 na zaidi. Lakini umri wa gari ni jambo moja, na namna ilivyotunzwa ni jambo lingine. Kwenye barieri wanauliza karatasi za gari na za shofere. Hakuna anayeuliza karatasi inayosema mkanda ulibadilishwa lini.

Vita imebadilisha hesabu ya matengenezo

Matengenezo ya gari yanahitaji vitu vitatu: fundi, kipuri, na feza iliyowekwa akiba. Miaka hii yote mitatu imetikiswa.

Januari 2023, M23 waliingia Kitshanga. Wakaaji walikimbia kuelekea Mweso, Sake na Goma, na mafundi walikimbia pamoja nao. Oktoba mwaka ule ule mji ulipiganiwa tena na kubadilisha mikono mara mbili. Mwenye garaji anayekimbia hawezi kubeba kila kitu chake, na anayerudi mara nyingi anaanza na kisanduku cha funguo tu.

Mwishoni mwa Januari 2025, Goma nayo ilichukuliwa. Mabenki yalifunga milango, na watu walibaki kutegemea feza ya simu au kuvuka Gisenyi kutafuta pesa. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Kipuri kilichokuwa kinaagizwa kwa simu kikawa na njia ndefu zaidi. Mwenye gari aliyekuwa na akiba benki kwa ajili ya siku ya mkanda, akiba hiyo hakuweza kuigusa.

Juu ya hayo kuna barieri. Si jambo jipya. Mwaka 2017 shirika la utafiti IPIS lilihesabu vizuizi vya barabara 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na kwenye vingi watu walitozwa feza. Kila aliyeshika barabara, kwa wakati wake, amejifunza kwamba gari ni mahali pa kukusanya feza. Kile kinacholipwa njiani hakirudi kwenye barabara kuifanya nyororo, na kinatoka mfukoni mule mule ambamo feza ya vidanji ingetoka. Shofere anapochagua kati ya kulipa barieri na kununua mafuta ya moteri, chaguo linajulikana: barieri haina kitufe cha kuizima, taa inacho.

Kwa hiyo taa inayozimwa bila kazi kufanywa haionyeshi tu tabia mbaya ya watu fulani. Inaonyesha kwamba gharama ya barabara mbovu na ya usalama mdogo imehamishwa, kidogo kidogo, mpaka ndani ya moteri. Na inakaa humo bila kuonekana, mpaka siku itakapotoka yote kwa pamoja, mara nyingi mahali ambapo hakuna mtu angependa kusimama.

Kuzima taa kwa haki

Kuweka sifuri siyo kosa. Ni hatua ya mwisho ya kazi, na fundi asipoifanya baada ya vidanji, taa itabaki ikiwaka bure na shofere atazoea kuipuuza. Mafuta yanatolewa moteri ikiwa na joto, filta ya mafuta inabadilishwa, mafuta mapya ya namba inayotakiwa na moteri yanawekwa, na kiasi chake kinapimwa kwa kijiti. Mafuta ya bidon isiyo na jina wala namba ni bahati nasibu, hata kama taa itazimika nayo.

Kwa Toyota nyingi zenye namba za umeme, kinachofuata ni hivi. Ufunguo unazungushwa mpaka taa za tablo ziwake, bila kuwasha moteri. Kitufe cha kilometa kinabonyezwa mpaka itokee TRIP A, au ODO kwa baadhi ya aina. Ufunguo unarudishwa kuzimwa. Kisha kitufe kile kinashikwa, na kikiwa bado kimeshikwa ufunguo unazungushwa tena mpaka taa za tablo ziwake. Baada ya sekunde chache sifuri zinatokea na ile taa inazimika. Kwa aina nyingine utaratibu ni tofauti, na kitabu cha gari kinaueleza.

Kwa njia za Masisi na Walikale, anayeweka sifuri asingoje taa ndiyo imwambie tena. Nusu ya kilometa zake, au masaa 250 ya moteri, lolote litakalotangulia, ni kipimo kinachofanana zaidi na barabara hizi.

Anayenunua au anayepanda aangalie nini

Kuna mambo ambayo mtu asiye fundi anaweza kuyaona mwenyewe.

La kwanza: ufunguo ukizungushwa bila kuwasha moteri, taa za onyo zinapaswa kuwaka zote kwa muda mfupi, kisha moteri ikiwaka zizimike. Hiyo ni gari kujipima. Taa ya kopo la mafuta au ya T-BELT isipowaka kabisa katika hatua hiyo, kwenye gari iliyotengenezwa kuwa nayo, balbu imekufa au imetolewa. Tablo isiyo na taa hata moja isichukuliwe kuwa dalili ya afya.

La pili: kifuniko cha kuwekea mafuta juu ya moteri kikifunguliwa, chini yake pasiwe na uchafu mweusi mzito kama lami. Uchafu huo ni kumbukumbu ya vidanji zilizorukwa, na hakuna kitufe kinachoufuta. Kijiti cha mafuta nacho kinusiwe: harufu kali ya esansi au mazutu inaonyesha mafuta yamechanganyika.

La tatu: mlango wa shofere ufunguliwe. Magari mengi yaliyotoka Japani yana karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango, yenye maandishi ya Kijapani na namba mbili zinazosomeka na mtu yeyote: tarehe na kilometa za vidanji ya mwisho kule. Ndani ya boneti mara nyingine kuna nyingine kama hiyo, ya mkanda. Kilometa za kwenye karatasi zikiwa nyingi kuliko zile za tablo, jibu liko wazi: tablo imerudishwa nyuma.

Karatasi hiyo ndogo inafundisha jambo. Garaji za Japani, nchi yenye kompyuta katika kila gari, bado zinaandika tarehe na kilometa kwa kalamu na kubandika mlangoni. Mashirika ya misaada yanayotembeza Land Cruiser katika Kivu nayo yana daftari ndani ya kila gari, na kila safari na kila tengenezo linaandikwa humo. Garaji ya Kitshanga au ya Mweso inaweza kufanya vivyo hivyo kwa kipande cha skochi na biki: tarehe, kilometa, mafuta gani, filta au bila filta, mkanda lini, na alama ya fundi aliyefanya kazi. Mwenye gari aliye mbali anaweza kutumiwa picha yake kwa simu, pamoja na hesabu ya wiki. Na abiria, kabla ya kulipa nafasi, ana haki ya kumwomba shofere afungue mlango aione.